Yule bingwa wa Kijenge kachomoa plagi ya gemu ya Pac-Man nikiwa kwenye raundi za funguo. KACHOMOA!

Wakuu, salamu baadaye. Ndiyo nimetoka pale kwenye magemu, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, anayejiita bingwa wa Pac-Man Arusha nzima, anayekuja na kitambaa chake cha kufutia kijiti cha kuchezea kama daktari wa upasuaji.

Leo nilimkamata. Nilikuwa kwenye funguo, wakuu! Wanaojua wanajua: funguo, zile zawadi za kula, zinaanza raundi ya 13, moja alama 5,000. Nikasonga mpaka kule ambako mizimu inayokufukuza haigeuki bluu ukaila, hata ukimeza tonge kubwa. Watu wamejaa mgongoni, muuza mishikaki kaacha jiko linaungua. Nakaribia kabisa rekodi yake, huyo akaja eti kuchaji simu. Akachomoa plagi. Soketi ziko MBILI! Moja iko wazi inamkodolea macho! Akachomoa yangu!

Na ile gemu ni ya 1980, ukizima alama za juu zinafutika. Halafu ananiambia "pole, umeme huo." Umeme gani wenye vidole?

ChaliiUngaLtd: Baba mzima unalilia kidude cha njano kinachokula vidonge 😂😂

BintiSanawari: Muuza mishikaki aliacha jiko kukushangilia au anakudai?

Mleta uzi: Dada, soketi zilikuwa MBILI.

Kipara86: Subiri kwanza. Kama kuzima kunafuta, na rekodi yake si imefutika?

Mleta uzi: Yake kaiandika ukutani kwa maka peni. Mimi nina nini ukutani? Nina nini?

MzeeWaKoini: Maka peni! Billy Mitchell wa Marekani, aliyefikisha alama kamili 3,333,360 za Pac-Man mwaka 1999, Twin Galaxies, watunza rekodi za magemu, walimfutia alama zake zote 2018 kwa utata wa alama zake za gemu nyingine, Donkey Kong. Na alikuwa na kanda za video. Kesi ikaja kuisha kwa maelewano 2024. Nyie mnabishania ukuta.

ChaliiUngaLtd: Ukuta wenyewe umepakwa chokaa juzi 😂

PasuaMoshi: Pac-Man waachieni wazee. Huku Moshi kuna dogo kwenye gemu ya ngumi Tekken 3 anamtumia mpiganaji Eddy tu, anabonyeza mateke huku anaongea na simu. Na anashinda! Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Kipara86: Eddy ana nafuu. Kuna wale wa Street Fighter II, anachuchumaa kona na mpiganaji wake Guile, anakusubiri uruke. Ukiruka, teke. Usiporuka, muda unaisha na yeye anaongoza.

PasuaMoshi: Huyo wa Guile si ndiye wa Majengo? Ana koini zangu tangu Krismasi.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Plagi.

BintiSanawari: Wa Majengo hata mdogo wangu alimla hela. Anatoroka kupitia mlango wa nyuma.

Kipara86: Wadau, nani ana kijiti cha mashine? Changu hakikati kushoto.

MzeeWaKoini: Njoo PM mkuu, ninacho.