Maharage na kopo la mkaa

Mama Zuhura: Majirani hamjambo. Maharage yanamaliza kopo zima la mkaa, saa tatu jikoni, na bado yanagongana kama kokoto. Shida ni nini?

Baba Neema: Ya zamani hayo. Yakikaa stoo kwenye joto msimu mzima yanakuwa sugu. Mapya ganda linang'aa. Umeyaloweka?

Mama Zuhura: Hapana. Na nyanya nimetia mwanzoni 🙈

Rehema: Basi umepata mchawi wako. Asidi ya nyanya inayakaza. Nyanya na ukwaju mpaka yaive kwanza.

Mzee Kondo: Tieni magadi, yaishe.

Rehema: Shikamoo mzee. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1 na yana sodiamu nyingi. Mwenye presha ayaache kabisa.

Mzee Kondo: Marahaba. Haya, nimenyamaza.

Juma Boda: Anayefika nyumbani saa tatu usiku ataloweka saa ngapi? Chipsi mayai dakika kumi tu, ameshakula.

Rehema: Ndiyo maana sisemi watu wavivu. Chipsi inashinda kwa muda, si kwa bei. Angalia tu karai: mafuta yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi, hama kibanda.

Bi Mwana: Mimi nasema kapu la joto, sufuria inamalizia kupika humo bila moto. Nusu kilo iloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, weka mapya yapite maharage vidole viwili. Si zaidi, kwani kapuni mvuke hautoki. Yachemke kwa nguvu dakika 20, funika, tia kapuni usifungue kwa muda wa saa nne.

Mama Zuhura: Kapu lipi Bi Mwana?

Bi Mwana: Lolote la ukili. Ndani weka sponji ya godoro kuukuu au majani makavu ya mgomba, unene wa kiganja chini, pembeni na juu. Juu ndipo watu wanapokosea, wanaweka kanga moja tu, joto lote linatokea hapo. Na sufuria ijae robo tatu. Ikiwa nusu tupu inapoa upesi.

Baba Neema: Zile dakika 20 msizipunguze, hasa maharage mekundu. Yana sumu inayokufa kwa kuchemka hasa. Yakiiva kwa uvuguvugu yanatapisha na kuharisha.

Rehema: Na yasikae kapuni kutwa. Yakishakuwa vuguvugu bakteria wanashangilia. Uyatie saa mbili asubuhi, saa sita yatoke, yachemke tena ndipo uunge.

Juma Boda: Saa sita mimi nipo barabarani 😂

Baba Neema: Wewe na choroko. Hazihitaji kulowekwa, dakika 40 zimeiva. Au Jumapili chemsha kilo nzima ya maharage bila kuunga: kilo 1 kavu inatoa karibu kilo 2 na nusu. Funga mafungu kwenye mifuko, omba friza kwa jirani. Usiku ni kitunguu, nyanya na tui, robo saa. Mwenye sufuria ya presha ya umeme, hata yuniti 1 ya LUKU haiishi.

Rehema: Kamulia limau mezani, madini ya chuma yaingie vizuri mwilini. Chai isubiri saa moja baada ya kula, inayazuia.

Mzee Kondo: Sasa hata chai?

Rehema: Isubiri tu mzee, sijaikataza.

Juma Boda: Nani yuko karibu na duka la Mangi aniulizie choroko kama zipo?