Mashmelo za chokoleti za Pasaka: Dar zinatoka poa, Mbeya zinakuwa ngumu, shida nini?

mama_uyole
Habari zenu wapishi. Pasaka ndo hiyo inakuja na nimeshawaahidi watoto wa Sande skuli vile vimayai vya mashmelo vilivyopakwa chokoleti, maana vya dukani bei imechangamka alafu vinafika huku vimeshapondeka. Risipe ninayo, ya Wamarekani: sukari gramu 400, glukosi ya maji nusu kikombe, jelatini ya unga gramu 20 unailoweka kwenye maji nusu kikombe, shira unachemsha mpaka kipimajoto kisome nyuzi 115 za Selsiasi unamimina kwenye jelatini unapiga na mikisa kama dakika kumi hivi. Sasa mdogo wangu yuko Dar kafuata hiyo hiyo, jelatini tumenunua duka moja, zake laini hadi raha. Zangu huku Uyole, Mbeya, ukiuma inavutika kama mpira wa manati, na shira inaanza kugandia kwenye vyuma vya mikisa hata haijaumuka. Nilidhani kipimajoto kibovu nikaazima cha jirani, kinasoma vilevile. Nini hiki jamani? Na chokoleti ya kupakia mnatumia ipi, nyingine ikishakauka inatoa mabaka meupe.

keki_za_Kihesa
Kamwene dada. Kipimajoto chako kizima, ni milima hiyo. Risipe nyingi zimeandikwa kwa watu wa pwani ambako maji yanachemka kwa 100. Mbeya mjini mko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 94 hivi, sisi Iringa tuko chini yenu kidogo na shida ni ile ile. Joto la kuchemkia la shira nalo linashuka hivyo hivyo, kwa hiyo wewe ukingoja mpaka isome 115 maji yanakuwa yameshakimbia sana, imebaki shira nzito kupita kiasi. Fanya hivi, chemsha maji matupu kwanza, chomeka kipimajoto (kisiguse chini ya sufuria) uone kinaishia ngapi. Kikiishia 94 umepungukiwa 6, basi toa 6 kwenye kila namba ya risipe, 115 yako inakuwa 109. Uepue hapo hapo, usiongeze hata dakika. Ukihamia Njombe pima upya kwa sababu kule ni juu zaidi.

kijana_wa_Tukuyu
Hizo hesabu za bwana keki ziko sawa ila hata kipimajoto sio lazima. Chukua kikombe cha maji ya baridi, dondoshea shira kidogo, ingiza vidole uikusanye. Ikikusanyika kakidonge kalaini ukikatoa nje kanalegea na kubonyea, tayari. Ikiyeyuka bado, ikigonga ukingo wa kikombe umeshapitiliza, ongeza maji kidogo uichemshe tena. Hii haijali uko Kyela bondeni au Kitulo mlimani kwa sababu unapima uzito wa shira yenyewe. Na kama glukosi hujapata weka asali vijiko vitatu na limao kidogo, inazuia shira isirudi kuwa chengachenga.

mama_uyole
Aisee, kumbe!! Na mimi nilikuwa naongeza gelatini nikijua ndo imepungua. Kijana ndaga fijo, asante sana. Swali lingine, nataka niweke ladha ya nanasi badala ya vanila, juisi fresh nikamulie kwenye yale maji ya kulowekea, inafaa?

keki_za_Kihesa
Usithubutu. Nanasi ambalo halijapikwa linaila jelatini, utapiga mikisa mpaka umeme wa Luku uishe na haishiki, papai na tangawizi mbichi ni hivyo hivyo. Ukilitaka lazima juisi uichemshe kwanza ipoe ndo uitumie. Mi ningeweka pasheni nikamaliza.

bint_Mwanjelwa
Samahani naingilia, kabla hujagawa kwa watoto wa mtaa angalia paketi ya jelatini. Nyingi zinatokana na nguruwe, na majirani zetu Waislamu watoto wao wanakuja kula Pasaka kama sisi tunavyokula Idi kwao. Tafuta iliyoandikwa ya ng'ombe au yenye alama ya halali, ukikuta haijaandikwa kitu muulize muuzaji, akikujibu "ni ya kawaida tu" achana nayo.

kokoa_ya_Kyela
Nije kwenye chokoleti maana hapo ndo kwangu. Inauma kidogo kwamba kokoa inavunwa hapa hapa Kyela alafu sisi tunanunua chokoleti yenye maandishi ya Ulaya, ila tuendelee. Ziko mbili. Ile ya kupikia iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, unaiyeyusha juu ya mvuke unachovya imeisha, kwa mara ya kwanza chukua hii. Chokoleti halisi yenye siagi ya kokoa inataka ustaarabu: nyeusi iyeyushe ifike 45 hivi, iache ishuke mpaka 28 huku unakoroga, ipashe tena kidogo isome 31 au 32 ndo uchovye. Ukiruka hiyo ndo unapata yale mabaka. Na tone moja tu la maji likiingia bakulini inaganda madongemadonge, kwa hiyo futa vyombo vikauke kabisa.

Pesa ikiwa ngumu, kokoa ya unga, sukari ya unga na mafuta ya nazi yaliyoganda. Kwa baridi la Uyole inashika vizuri, huku kwetu Kyela yanayeyuka mezani.

mpishi_2B
Weka mashmelo friza kwanza kisha chovya, chokoleti inaganda fasta.

kokoa_ya_Kyela
@mpishi_2B hapana mkuu, ikitoka friza inatoa jasho, chokoleti inapasuka na juu inafanya vidoa vya sukari. Chovya ikiwa na joto la chumba.

mama_uyole
Sawa. Na umbo la yai mnalipataje, mimi nimekata vipande vya mraba tu.

keki_za_Kihesa
Konflawa dada. Ikaange kavu kwenye kikaango moto mdogo iondoke unyevu, ikipoa ijaze kwenye trei iwe nene, sawazisha, alafu chukua yai la kuku lililochemshwa na kukaushwa ulibonyeze ubavu, linaacha shimo. Mimina mashmelo ingali ya uvuguvugu ukitumia mfuko wa kupambia keki, nyunyizia konflawa juu, iache usiku kucha. Asubuhi unapangusa unga kwa brashi, ukiacha mwingi chokoleti haishiki. Wenzetu wa huko Pasaka yao inaangukia majira ya kuchipua, hewa kavukavu, sisi ni masika na sukari inavuta unyevu, kwa hiyo zikitoka tu kwenye trei zichovye siku hiyo hiyo. Zikishapakwa kote mpaka chini weka kwenye kopo la mfuniko, kabatini, sio kwenye friji.