Riwaya ya Nagona imenishinda mara mbili: niseme hivyo kikundini?

Mzabibu wa Nkuhungu
Wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha usomaji hapa Dodoma kimenipa zamu ya kuzungumzia vitabu nilivyosoma karibuni, nami naomba ushauri kwa sababu maoni yangu huenda yakawaudhi wakubwa zangu, ambao wawili kati yao ni walimu wa fasihi.

Iliyonigusa kupita zote ni Gamba la Nyoka, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1979, kuhusu wanavijiji wanaolazimishwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Haikuandikwa kuhusu Wagogo, lakini niliisoma nikimkumbuka babu, aliyehamishwa wakati wa Operesheni Dodoma mwaka 1971, na ambaye hadi uzeeni alikuwa akirudi kwenye mahame yake kuutazama mbuyu tu. Mzee Rukhsa, tawasifu ya Rais Ali Hassan Mwinyi iliyotoka mwaka 2021, ina Kiswahili kinachoteleza, ingawa sura za utotoni zilinishika kuliko zile za madaraka, ambazo kwangu zina adabu mno.

Tatizo ni Nagona, ya Kezilahabi huyohuyo, ya mwaka 1990. Haifiki kurasa mia, nami nimeiacha njiani mara mbili. Je, niseme wazi kwamba imenishinda, au niisome tena kwanza?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, sema, ila usiseme ni mbaya. Sema ilikuachia wapi. Ulitoka kwenye Gamba la Nyoka ukitarajia kisa chenye mwanzo na mwisho, na Nagona haisimulii hivyo. Isome kama unavyosoma shairi, kwa kikao kimoja, kisha uendelee na Mzingile, riwaya yake iliyofuata, ya mwaka 1991.

Mpima Mahindi, Kibaigwa
Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Nilizisoma zote mbili zikifuatana, na Mzingile haikunifungulia fundo hata moja. Mtu anayefungua kitabu saa tatu usiku, baada ya kushinda sokoni na magunia, hadaiwi na mwandishi yeyote usomaji wa mara ya tatu.

Msomaji wa Chamwino
Mimi ningekushauri uongeze Historia, Mila na Desturi za Wagogo, cha Mathias Mnyampala wetu, ambaye wengi wanamjua kwa ngonjera tu. Ni cha mwaka 1954, na baadhi ya kurasa ni kavu kweli, lakini kikiwekwa kando ya Gamba la Nyoka utaona maisha ambayo akina babu yako walikuwa nayo kabla ya kuhamishwa.

Mzabibu wa Nkuhungu
Marahaba za Mwalimu nazisubiri, maana nami namwamkia. Nimeimaliza Nagona jana usiku, kwa kikao kimoja kama alivyoelekeza. Bado sijaipenda, ila sasa naweza kutaja mahali iliponipoteza: pale ambapo wahusika walianza kuwa mawazo badala ya watu, nami nikawa sina wa kumwonea huruma. Nitalisema hilo Jumamosi. Msomaji wa Chamwino, nakala yako ya Mnyampala inaazimika?