Zebaki imemwagika kwenye karakana ya sonara nyumbani: isafishwe vipi?

SonaraKatoro:
Wakuu, naomba msaada. Karakana ni chumba cha uani, mlango unatazama jikoni. Kazi ni kuyeyusha dhahabu iliyokwisha kuchomwa na wachimbaji, mara nyingine kuchoma donge bichi (dhahabu iliyoshikana na zebaki, bado haijachomwa). Leo zebaki kama kijiko cha chai imemwagika kwenye sakafu ya saruji yenye nyufa. Nianzie wapi? Na barakoa ya vumbi inatosha wakati wa kuyeyusha? Nyumbani kuna watoto.

Fundi_Maabara:
Kijiko cha chai ni mililita 5, karibu gramu 68. Ni nyingi sana kwa chumba kimoja, kwa sababu zebaki hutoa mvuke hata bila moto, na mvuke huo hauna rangi wala harufu.

Watoto na kuku watoke kwanza. Funga mlango wa upande wa jikoni, fungua dirisha la nje. Vua pete na mkufu, maana zebaki hushika dhahabu na fedha mara moja. Vaa glavu za mpira, na viatu ulivyokanyagia humo visiingie ndani ya nyumba.

USIFAGIE. Ufagio huivunja iwe vitone vidogo mno, na kadiri vitone vinavyoongezeka ndivyo mvuke unavyozidi. Mashine ya kunyonya vumbi ni mbaya zaidi, huutawanya chumba kizima. Sukuma vitone kwa kadi ngumu mbili, kutoka pembeni kuja katikati, vikiungana uvivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kisha zima taa, laza tochi sakafuni: vilivyobaki vitang'aa. Vidogo vinase kwa utepe wa gundi (selotepu).

Kwenye nyufa nyunyiza unga wa salfa, ule wa kupulizia mikorosho, uache siku nzima. Unapunguza mvuke tu, haumalizi zebaki, hivyo kusanya unga huo na uufunge pamoja na taka nyingine. Baadaye ziba nyufa kwa saruji laini. Usimwage chochote chooni wala shimoni.

Mchenjuaji:
Kuhusu barakoa: ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Inatakiwa ya mpira yenye kichujio kilichoandikwa Hg (alama ya zebaki), tena ambacho muda wake wa matumizi haujaisha. Na maziwa wanayokunywa watu baada ya kuchoma hayatoi zebaki mwilini.

Hatari kubwa kwa sonara ni hii: dhahabu "iliyochomwa" bado ina zebaki ndani ya vitundu vyake, hata ikiwa ya manjano kabisa. Ukiipiga gesi, yote inatoka usoni pako. Zebaki huchemka nyuzi 357, dhahabu huyeyuka nyuzi 1,064, kwa hiyo hakuna inayobaki.

Donge bichi lichomwe kwenye ritoti ya chuma (chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kupoozea mvuke wa zebaki), nje, mbali na jiko. Bomba lisiwe la shaba wala lenye zinki, vyote hushikana na zebaki. Mfuniko uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi, bomba lifungwe kitambaa kinachomwagiwa maji. Ncha ya bomba ikae juu kidogo ya maji, ISIZAME: ritoti ikipoa itavuta maji hadi kwenye chuma cha moto na italipuka. Usifungue mpaka ipoe kabisa, hapo ndipo wengi wanapoharakisha.

SonaraKatoro:
Asanteni sana. Niliyoikusanya niweke kwenye kopo la alumini?

Fundi_Maabara:
Hapana, zebaki inaila alumini. Chupa nene ya plastiki, maji sentimita 2 juu yake, kifuniko cha kukaza, uandike ZEBAKI, ufungie kwenye kabati nje ya nyumba. Chupa ya nusu lita ikijaa ni karibu kilo 7, iweke chini, si rafuni. Namna ya kuikabidhi uliza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Na aliyekuwemo chumbani akianza kukohoa, kubanwa kifua au homa ndani ya saa chache, aende hospitali leo hii, amwambie daktari neno "zebaki" kabla hajaandikiwa dawa za malaria.