Mdogo wangu ameona tundu kwenye tovuti ya watu, aseme au anyamaze?

Jamani, naomba ushauri. Mdogo wangu ana miaka 19, tunakaa naye hapa Majengo. Juzi usiku kaniita chumbani nione kitu. Kwenye tovuti ya duka moja la vyombo alibadilisha tarakimu moja tu mwisho wa anwani, ikafunguka risiti ya mtu mwingine: jina, simu, mpaka nyumba anayokaa. Hakuchukua kitu, hilo namwamini. Ataka kuwaandikia wenyewe wazibe.

Mimi roho haijatulia. Sheria yetu ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia bila ruhusa ni faini hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au vyote viwili. Yeye ananitajia Marcus Hutchins, Mwingereza aliyezima WannaCry, kirusi cha kompyuta kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, mwezi Mei 2017. Nikamwambia, huyo huyo alikamatwa Marekani Agosti, kwa programu ya kuibia benki aliyoitengeneza zamani! (Mama hajui lolote, adhani kijana yuasoma.)

Sasa aandike kwa jina lake, apitie KE-CIRT (kitengo cha taifa kinachopokea ripoti za usalama wa mitandao), au tuone wakili kwanza? Kuna aliyewahi kuripoti jambo kama hili akashukuriwa, asiitiwe polisi?