Pakiti mpya za viungo zinaganda: gumzo la majirani, Kirumba, Mwanza

Mama Kulwa (duka): Jamani habari za jioni. Hizi pakiti mpya za karatasi za viungo zinarudishwa dukani kila siku. Pilau masala ya gramu 50, wiki mbili tu kabatini, bonge. Zile za zamani zenye foili ndani zilikuwa zinakaa miezi. Na bei ni ile ile.

Mama Neema: Na zote rangi ya kaki! Pilipili kali na binzari ya manjano zinatofautiana kwa kamstari kembamba tu pale chini. Mtu una haraka, jiko lina moshi, unamwaga pilipili kwenye mchuzi wa mtoto. Hilo wangelifikiria kabla ya kitu kingine chochote.

Baba Doto: Si plastiki imepigwa marufuku? Kiwanda kingefanyaje?

Bi Zuhura: Hapana Baba Doto. Marufuku iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ni ya mifuko ya plastiki ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani na vya vyakula vilivyosindikwa viliachwa. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanasumbuana na kile kifungashio laini kinachogeuzwa mfuko wa kubebea nyanya. Hawa wa viungo wamebadili kwa hiari yao, na nia ni nzuri. Kosa lao ni kwamba wamebadili pakiti bila kumwambia mteja kwamba kazi ya kuhifadhi sasa ni yake.

Mama Neema: Kwani karatasi ina shida gani hasa?

Bi Zuhura: Inapumua. Viungo vilivyosagwa vinavuta unyevu, na harufu yake ni mafuta yanayoruka hewani. Foili ilikuwa inazuia yote mawili. Karatasi inaruhusu unyevu uingie na harufu itoke. Kwa sisi tulio kando ya ziwa, masika ikishika, hakuna "mahali pakavu" pa kuiweka.
Nyingine zina utando ndani. Chana kona polepole: kama kuna ngozi nyepesi inayovutika, utando upo. Kama inachanika nyuzinyuzi tu, ni karatasi tupu. Au dondoshea tone la maji upande wa ndani. Likinyonywa ndani ya dakika moja, usiiache hiyo pakiti ilale na viungo.

Mama Kulwa (duka): Niongeze kwa wenye maduka: msiziweke rafu moja na dagaa. Karatasi inanyonya ile harufu, na mteja akifungua iliki anakutana na soko la samaki la Mwaloni. Dagaa wakae chini na mbali, viungo juu kwenye ndoo yenye mfuniko. Na msiagize katoni nyingi kama zamani.

Mzee Maganga: Fukusi je? Naona pakiti zina vitundu.

Bi Zuhura: Shikamoo mzee. Ni wale wadogo wa kahawia, milimita 2 hadi 3. Wanatoboa karatasi bila taabu, hata plastiki nyembamba wanapita. Wanapenda sana pilipili, giligilani na tangawizi. Ukiona kitundu kama ncha ya pini na unga laini umemwagika chini ya pakiti, wameshaingia. Pakiti ambayo bado haina dalili, ifunge ndani ya chombo kisichopitisha hewa, igandishe kwenye friza siku 4, halafu kitoe na usifungue chombo hadi baridi iishe kabisa na kifikie joto la chumba. Ukifungua kikiwa baridi, unyevu wa hewa unageuka maji juu ya unga na umeharibu kila kitu.

Mzee Maganga: Marahaba. Na bonge lililokwisha kuganda kwa unyevu?

Bi Zuhura: Libonyeze kwa vidole. Likivunjika kavu na harufu bado ipo, chekecha utumie wiki hiyo hiyo. Likiwa na ubichi, harufu ya uvundo, au madoa ya kijivu au kijani, tupa. Msichekeche ukungu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Na msianike unga juani kuuokoa. Jua linafukuza harufu na kupausha manjano.

Baba Doto: Basi tufanyeje? Chupa?

Bi Zuhura: Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, siku ile ile uliyonunua. Ya mililita 250 inaingia gramu 100 hivi, yaani pakiti mbili. Kopo la siagi halifai, halikazi na lina harufu yake. Chupa iliyokuwa na kahawa au siagi ya karanga, iloweke usiku kucha pamoja na mfuniko kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha soda ya kuokea kwa lita. Halafu ianike siku nzima. Watu wengi wanakausha chupa wanasahau ule mpira ndani ya mfuniko. Maji yanabaki pale.
Kata kipande cha pakiti chenye jina na tarehe, kibandike kwenye chupa. Usichanganye mpya na ya zamani. Na usimimine juu ya sufuria inayochemka! Mvuke unapanda ndani ya chupa. Chota kwa kijiko kikavu.

Mama Neema: Mimi naona bora kununua nzima.

Bi Zuhura: Ndiyo bora kuliko yote. Kwa gramu 100 za pilau: binzari nyembamba 50, pilipili manga 20, mdalasini 15, iliki 10, karafuu 5. Kaanga kwa moto mdogo dakika 2 au 3 hadi inukie, iache ipoe *kabisa*, ndipo usage. Ikisagwa ya moto inatoa jasho ndani ya chupa.

Mzee Maganga: Pakiti tupu tuzike shambani? Wameandika zinaoza.

Bi Zuhura: Karatasi tupu, zika. Zenye utando uliotengenezwa kwa mimea, nyingi zinataka joto la karibu nyuzi 60, la mitambo maalumu. Shimo la nyumbani halifiki huko. Usitupe mtaroni ukiamini itayeyuka. Itaingia Mto Mirongo na kuishia ziwani.

Mama Kulwa (duka): Kesho nampa msambazaji barua. Nimeandika: utando wa ndani, rangi tofauti kwa kila kiungo, na tarehe isiyofutika kwa kidole. Wenye pakiti mbovu leteni na namba ya toleo, bila hiyo hawasikilizi.

Mama Neema: Wabeja sana, asante. Naleta tatu asubuhi.

Baba Doto: Chupa za 250 zenye mifuniko ninazo 12. Anayetaka aseme kabla ya saa tatu.