Saa 48 za mkuu wa wilaya: tuziache, tuzibane au tuzifute?

Mleta mada

Wakuu (nyie, si wale wa wilaya), naomba tubishane kidogo kuhusu saa 48, yaani mamlaka ya mkuu wa wilaya kuamuru mtu awekwe mahabusu.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye mkutano wa hadhara kijijini kwetu. Pampu ya maji imekufa, na hela za kununua nyingine tumeshachangishwa mara mbili. Jirani yangu, fundi baiskeli, akasimama na daftari la shule alimoandika michango, akaanza kusoma majina. Hajafika jina la kumi, mkuu wa wilaya (DC) akamkatisha kwenye kipaza sauti, akimwambia mkuu wa polisi wa wilaya (OCD): "OCD, huyu mchukue akapumzike." Watu wakacheka, wakadhani utani. Gari la polisi likaondoka naye, daftari likabaki kwenye benchi.

Usiku nikampelekea chakula. Kaunta nikamuuliza askari, kijana mpole tu, kosa la ndugu yangu ni lipi. Akanigeuzia kitabu cha mahabusu nione mwenyewe. Kwenye safu ya kosa pameandikwa: "Amri ya DC". Si uchochezi wala kufanya fujo. Keshokutwa yake asubuhi akaambiwa aende zake. Mahakamani hakufika, na karatasi hakupewa.

Rungu hili linatoka kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya Tanzania ya 1997, kifungu cha 7 kwa mkuu wa mkoa na cha 15 kwa mkuu wa wilaya. Wengi tunaoipigia kelele hatujaisoma. Haisemi DC akiudhika amtie mtu ndani. Lazima mtu huyo awe ametenda kosa la kukamatwa na kushtakiwa, au awe anaelekea kuvunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe, zimfikie hakimu. Mtuhumiwa naye afikishwe mahakamani kabla saa 48 hazijaisha. La sivyo aachiwe, na asikamatwe tena kwa sababu ile ile. Hizo saa ni mwisho wa muda wa kumfikisha kwa hakimu. Sisi tumezigeuza kifungo chenyewe.

Msimamo wangu: amri ya mdomo isihesabiwe kuwa amri. Askari adai karatasi kabla hajafungua mlango wa gari.

Mtumishi mstaafu

Kijana wangu, nimekuwa katibu tawala wa wilaya yenye wakulima na wafugaji. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga saa kumi jioni, saa moja usiku vijana wameshanoa mapanga. Hakimu yuko mbali, askari hawazidi sita, gari halina mafuta. Ukiwashika wawili wanaochochea, mmoja kila upande, watu wanalala, asubuhi wazee wanakaa chini wanazungumza. Kuna watu wako hai leo kwa sababu ya saa hizo na wala hawajui.

Amri zenyewe nilikuwa naziandika mimi, kwa mkono huu, DC anasaini. Kwa muda wote niliokaa pale zilikuwa mbili tu. DC anayejua kazi hahitaji kipaza sauti.

Wakili wa mkoani

Mzee, nakuheshimu, lakini mamlaka haya hayakutungwa kwa ajili ya mpunga. Asili yake ni sheria za 1962 za wakuu wa mikoa na wakuu wa maeneo. Tume ya Jaji Nyalali, ile ya mfumo wa vyama vingi, ilizitia kwenye orodha yake ya sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Bunge likatunga mpya mwaka 1997, na saa 48 zikarudi kwa mlango wa mbele.

Mleta mada anataka karatasi. Ataikagua nani? Nikipeleka maombi Mahakama Kuu mteja wangu atolewe, mpaka faili lipangiwe jaji mtu yuko kwake anakunywa chai, na wakili wa Serikali anasimama kusema hakuna tena cha kuamua. Nikitaka fidia, kwanza nitoe notisi ya siku 90. Mtu kawekwa ndani siku mbili, anasubiri miezi mitatu ili aruhusiwe kulalamika! Na hiyo ni nafuu. Zamani ulihitaji kibali cha Serikali ili uishtaki Serikali, hadi Mahakama ya Rufani ilipokibatilisha kifungu hicho mwaka 1993 kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun. Nikitaka mapitio ya mahakama, yaani jaji apime kama amri ilikuwa halali, niombe ruhusa kwanza, ndani ya miezi 6. Na marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za kikatiba aape kwamba jambo hilo limemgusa yeye binafsi. Kwa sharti hilo fundi baiskeli ilibidi aende mwenyewe, mimi nisingeweza kumtangulia.

Zifutwe. Polisi wana mamlaka yao ya kukamata. DC akiona hatari, ampigie OCD simu.

Msomaji wa Kisumu

Huku kwetu Kenya kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinasema uamuzi wa kiutawala ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na mwaka 2015 Bunge likaitungia sheria yake. Machifu wetu hawajawa malaika, msidanganyike. Lakini mkifika kortini na afisa hana barua, jasho linamtoka yeye.

Mleta mada

Wakili, nakubali yote isipokuwa hiyo simu. DC ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, OCD ni mjumbe wake. Atapiga simu, mtu atakamatwa vilevile, na kwenye kitabu cha mahabusu wataandika "uzembe na uzururaji". Jina la aliyetuma halitaonekana popote. Leo angalau pale kaunta nilisoma kwa macho yangu: DC. Ndiyo maana nataka tubane kabla ya kufuta.

Mzee wangu, shikamoo. Zile amri zako mbili, nakala zilimfikia hakimu?

Mtumishi mstaafu

Marahaba. Moja ilifika. Ya pili ilikuwa Jumamosi.